Mrejesho: Kujitolea huku napokea fao la kukosa ajira

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliuliza kama naweza kujitolea maktaba siku 2 kwa wiki bila kupoteza fao langu la kukosa ajira. Ahsanteni kwa majibu, hata ninyi mlionifokea kidogo.

Nilifuata ushauri wa kutoa taarifa kabla ya kuanza, sio baada. Nikapeleka barua ya maktaba inayoonyesha siku, saa, kwamba silipwi, na kwamba naruhusiwa kuacha wakati wowote nikipata kazi. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonibeba. Afisa wa ofisi ya fao aliisoma mara mbili, akaniuliza: ukiitwa kwenye usaili kesho asubuhi, utaenda? Nikamjibu hata sasa hivi naenda. Akapitisha.

Nilipokwama ni kwenye posho. Nauli niliyorudishiwa kwa risiti haikuwa na shida. Ila maktaba walinipa pia hela ya chakula, kiasi kilekile kila wiki, bila risiti yoyote. Hiyo ikahesabiwa kama kipato, fao la wiki 2 likapunguzwa. Nikakata rufaa, nikashindwa. Aliyenionya kuhusu hili naomba anisamehe, nilidhani anatia chumvi.

Sasa napokea nauli tu. Masharti yanatofautiana, hivyo mwenye hali kama yangu aulize kwanza, tena kwa maandishi. Kujitolea naendelea, na daftari la maombi ya kazi bado nalijaza kila wiki. Kazi yenyewe sijapata, ila nimeitwa kwenye usaili mara moja.