Mrejesho: kibali cha kukata mwembe na mikarafuu shambani kwangu, Wete, Pemba

Assalaam alaykum. Niliuliza hapa kama ninaweza kukata mwembe ulioinamia paa la nyumba, pamoja na mikarafuu miwili, ilhali shamba ni langu la urithi. Nawashukuru nyote, hasa ndugu aliyenitajia Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, na kunisihi nisiguse shoka kabla ya kumwona sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu.

Nilifuata ushauri huo: sheha alinipa barua, nikaipeleka kwa maofisa wa misitu, na mmoja wao akaja kuutazama mwembe mwenyewe kabla kibali hakijatolewa. Kwa mikarafuu sikufanikiwa ila nusu, kwani ule uliokauka niliruhusiwa kuung'oa, lakini wenye uhai, japo hauzai tena kama zamani, nilikataliwa, na nimeambiwa nipande miche mipya pembeni yake. Nilinung'unika kidogo, nakiri.

Kosa langu lilikuwa kudhani kibali cha kukata kinatosha hata kusafirisha. Mbao zikalala shambani, zikinyeshewa, hadi nilipopata ruhusa ya pili, ya kusafirisha. Anayekusudia kuuza au kuhamisha mbao aombe vibali vyote viwili safari moja.