Mrejesho: Bustani ya kumbukumbu na mapumziko ya askari wastaafu

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza namna ya kujenga bustani ya kumbukumbu ambayo askari wastaafu, wakiwemo wanaotumia viti vya magurudumu na wasioona, wataweza kuitembelea bila kutegemea msaada wa mtu. Ujenzi umekamilika, na sehemu kubwa ya ushauri wenu imezingatiwa.

Njia zote ni za zege lenye uso usioteleza, badala ya kokoto zinazozamisha magurudumu, na upana wake ni mita 1.5 ili mwenye kiti aweze kugeuka. Penye mwinuko tumejenga mteremko wa uwiano wa 1 kwa 12 (kila mita 12 za mlalo, kimo hupanda mita 1), wenye vishikizo pande zote mbili na sehemu tambarare za kupumzikia, kwa sababu mikono inayosukuma magurudumu nayo huchoka.

Ukuta wa majina ndio uliotushughulisha zaidi. Majina yamechongwa kwa kina, yakianzia kimo ambacho aliyeketi anakifikia, na chini ya ukuta tumeacha nafasi ya miguu ili kiti kisogee hadi karibu kabisa. Mzee mmoja asiyeona alipapasa herufi moja baada ya nyingine mpaka akalipata jina la mwenzake. Kwangu mimi, hilo pekee lilitosha kuhalalisha gharama yote.

Mabenchi yana mgongo na mikono, na yameegemezwa ukutani yakitazama lango, kwa kuwa wengi waliopitia vita hawatulii wakipitwa kwa nyuma. Uwanja wa michezo tumeuweka mbali, kelele zisiwashtue.