Klabu imemfungia mwanangu wa miaka 15 kuingia uwanjani, naomba ushauri kabla sijajibu barua yao

Mama Ughaibuni:
Salaam kwenu wote. Ninaishi na wanangu kaskazini mwa Uingereza, na nimeamua kuandika hapa kwa sababu nikimweleza jirani Mswahili wa huku, habari itafika kwa wakwe zangu Morogoro kabla ya Ijumaa. Kijana wangu wa miaka 15 ameletewa barua na klabu ya soka anayoishabikia tangu akiwa chekechea. Amefungiwa msimu mzima, mechi za nyumbani na za ugenini, na tiketi yake ya msimu imefutwa bila kurudishiwa fedha. Sababu waliyoandika ni mwenendo wa fujo, kwa kuwa moshi wa rangi uliwashwa katika jukwaa alilokuwamo baada ya bao la dakika za mwisho. Mtoto huyu hana doa shuleni, huamka alfajiri kugawa magazeti ili achangie tiketi yake, na tangu barua ifike hali chakula vizuri wala hataki kutoka chumbani. Muda wa kukata rufaa unakaribia kwisha. Je, klabu ina haki ya kumwadhibu mtoto kwa sababu tu alikuwa karibu na tukio, na nifanye nini ili adhabu hii ifutwe?

Mnazi wa Jangwani:
Pole sana, dada. Hapa kwetu mashabiki wakirusha chupa, Bodi ya Ligi huipiga klabu faini, klabu hulipa, na aliyerusha chupa huonekana tena mechi inayofuata akiwa mstari wa mbele na ngoma yake. Sisemi kwamba huo ni utaratibu mzuri, lakini angalau mtoto hatengwi na wenzake. Mimi nilianza kuingia Uwanja wa Uhuru nikiwa darasa la nne, nimeshikilia shati la mjomba wangu ili nisipotee katika umati, na mengi ninayoyajua kuhusu kuishi na watu niliyapata pale. Ushauri wangu ni kwamba uachane na klabu hiyo, umtafutie kijana timu ya mtaani acheze mwenyewe.

Wakili wa Mtaani:
Dada, nami niko England, na nimewahi kuwasaidia wazazi walioletewa barua za namna hii. Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Liko katazo la klabu, ambalo linatokana na masharti ya tiketi na haki ya mwenye uwanja kumkataa mtu; hilo si hukumu ya jinai na halimpi mtoto rekodi ya uhalifu. Halafu iko amri ya mahakama chini ya sheria ya watazamaji wa soka ya mwaka 1989, ambayo hudumu kati ya miaka 3 na 5 ikiwa mtu hakufungwa jela, na kati ya 6 na 10 ikiwa alifungwa, na anayeivunja anaweza kufungwa hadi miezi 6. Umri wa miaka 15 haumkingi, kwa maana huku mtoto huanza kuwajibika kwa jinai akiwa na miaka 10. Tena, sheria ya mwaka 1985 ya kudhibiti pombe michezoni ndiyo hiyohiyo iliyobeba kosa la kuwa na fataki au kopo la moshi uwanjani, au kujaribu kuingia nalo, hata kama halikuwashwa. Kwa hiyo nijibu mawili: polisi wamekwisha kuhusika, na ni nani aliyewasha?

Mama Ughaibuni:
Ahsante, ndugu Wakili. Barua ni ya klabu peke yake. Polisi walichukua jina lake siku ile wakasema watawasiliana nasi, na mpaka leo wako kimya. Kuhusu aliyewasha, vijana walikuwa wengi na wote walikuwa wamejifunika vichwa kwa kofia za makoti yao. Klabu inasema kamera inamwonyesha mwanangu ameshika kopo. Kushika si kuwasha. Wanaoviagiza vitu hivi mtandaoni ni vijana wakubwa, wenye miaka 18 na 19, na hao sijasikia kwamba wamefungiwa.

Baharia Mstaafu:
Binti yangu, nimekula chumvi ya bahari zaidi ya nusu ya maisha yangu, na vitu hivyo nimefundishwa kuvitumia. Fataki ya dharura ya mkononi unaiwasha ukiwa umevaa glavu, umenyoosha mkono nje ya ukingo wa meli upande ule upepo unakoelekea, na uso umeugeuza, kwa sababu inadondosha matone ya moto ambayo yakitua juu ya ngozi hayafutiki. Joto lake linapita nyuzi 1000, na ukiitumbukiza katika ndoo ya maji inaendelea kuwaka. Kopo la moshi wa rangi ya chungwa ndilo hatulishiki kabisa, tunalitupa majini. Sasa piga picha ya kitu hicho katikati ya watu waliobanana, wamevaa jezi za nailoni, na watoto wamebebwa mabegani. Novemba 1993 kule Cardiff, mzee wa miaka 67 aliyekwenda kutazama Wales na Romania aliuawa na roketi ya dharura ya baharini iliyofyatuliwa kutoka jukwaa jingine. Februari 2013 mjini Oruro, Bolivia, katika mechi ya San José na Corinthians, fataki ya namna hiyo ilimpiga kijana wa miaka 14 jichoni akafa, na baadaye kijana wa miaka 17 akajitokeza kusema kwamba yeye ndiye aliyeifyatua. Sikutishi, mama. Nataka tu ujue kwamba klabu haigombani nawe kwa sababu ya rangi iliyochafua hewa.

Bi Salma wa Tanga:
Shikamoo, mzee Baharia. Mama Ughaibuni, nilipokwenda kumtembelea mwanangu huko walinipeleka uwanjani, na mlangoni walinipekua mkoba hadi chupa yangu ya maji wakaichukua. Kopo hilo lilipitaje?

Mama Ughaibuni:
Bi Salma, sikuligusia kwa sababu silo swali nililoliuliza, lakini kwa kuwa umeuliza kwa heshima nitakujibu. Lilipita ndani ya koti la binti yangu wa miaka 9. Kaka yake alifumua bitana upande wa ndani, akalisukumia humo, kwa kuwa wale wakubwa walimwambia kwamba walinzi hawawapekui watoto wadogo kwa ukali. Mtoto mwenyewe hakujua amebeba nini. Alilalamika njiani kwamba koti linamgonga kwenye nyonga, nami nikamwambia avumilie, tulikuwa tumechelewa. Na kwa kuwa mimi ndiye mtu mzima niliyeingia nao, barua hiyohiyo imenifungia na mimi. Hapo ndipo naona uonevu. Kijana wa miaka 15 akisukumwa na wakubwa hufanya mambo bila kufikiri, na hilo kila mzazi analijua. Niseme lililobaki kabisa: Jumamosi ijayo ni mechi ya watani, na nimekwisha mkubalia aingie kwa kadi ya mjomba wake. Ni mechi moja tu, baada ya hapo nitasimamia adhabu kama walivyoandika.

Mwalimu Mkongwe:
Nimefundisha vijana wa rika hilo kwa muda mrefu, nami najibu kama mzazi. Umeandika mara tatu kumtetea kijana, ila binti aliyebebeshwa moto kiunoni amepata mistari michache. Laiti kopo lile lingepasuka katika foleni ya kuingilia, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Kaka ndiye mlinzi wa dada yake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa pwani na bara. Kumpa kadi ya mjomba ni kumfundisha kwamba adhabu hukwepwa kwa kubadili jina. Mwache akae nyumbani Jumamosi hiyo, amwombe dada yake msamaha mbele yako, na msimu uishe.

Jicho Kali:
Naomba radhi kwa wote, lakini nina mashaka kwamba kisa hiki kimetungwa. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Mara ya kwanza kijana alikuwa karibu na moshi, mara ya pili alishika kopo, mara ya tatu limetoka katika koti la mtoto mdogo, na sasa mama mzima naye amefungiwa. Hakuna klabu inayomfungia mama kwa kosa la mwanawe. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba uzi huu umekwisha kueleza hadharani namna ya kupitisha fataki getini, na huenda hilo ndilo lililokuwa lengo tangu mwanzo. Wasimamizi waufunge.

Damu ya Msimbazi:
Namuunga mkono Jicho Kali kuhusu akaunti mpya, ila naomba tusifunge mjadala. Desemba 2024 pale Benjamin Mkapa, baada ya mechi yetu sisi Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, viti 256 vilivunjwa. CAF, shirikisho la soka la Afrika, hawakutafuta nani alivunja kiti gani. Januari 2025 tukaipokea CS Constantine milango ikiwa imefungwa, tukashinda mabao 2, na sisi tuliokuwa tumekaa kwa adabu siku ile tukaitazama timu yetu kwenye televisheni pamoja na waliong'oa viti. Nilikuwa nimemwahidi mwanangu mechi hiyo iwe yake ya kwanza. Ndiyo maana mimi naona klabu inayomtafuta mhusika mmoja kwa kamera na kumwandikia barua imetenda haki kuliko inayoadhibu jiji zima. Tungekuwa na utaratibu huo hapa, badala ya kadi za kuingilia za N-Card tunazoazimana kama sufuria, mwanangu angeingia.

Jicho Kali:
Hayo ya Simba ni kweli na hayathibitishi habari ya mama huyu. Nasubiri mtu anionyeshe mzazi aliyefungiwa.

Wakili wa Mtaani:
Nitakujibu, ndugu Jicho Kali, kwa sababu hapo umekosea. Julai 2022, baada ya msimu uliomalizika kwa mashabiki kuvamia viwanja mara kwa mara, chama cha soka cha England, Premier League na EFL, inayosimamia ligi za madaraja ya chini yake, walitangaza kwa pamoja kwamba yeyote atakayeingia uwanjani kwenye nyasi, au atakayebeba au kutumia fataki na makopo ya moshi, atafungiwa na klabu moja kwa moja kwa muda usiopungua mwaka 1. Katika tangazo hilohilo walisema kwamba katazo linaweza kumfikia mzazi au mlezi aliyeandamana na mtoto. Kwa hiyo jambo ulilolitumia kama ushahidi wa uongo ndilo linalonifanya mimi niamini, maana mtu wa kutunga asingelijua. Na hiyo mbinu ya kuwatumia watoto wadogo walinzi wa huku wanaifahamu miaka mingi. Hakuna siri iliyotolewa hapa.

Mama Ughaibuni:
Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani shemeji zangu wanaijua. Sikuja hapa kupimwa ukweli wangu. Barua iko mezani mbele yangu, na jina langu limeandikwa juu ya la mwanangu. Nilieleza kidogo kidogo kwa sababu ni mtoto wangu, na hakuna mama anayeanza kumsimulia mwanawe kwa ubaya wake. Mwalimu, umenichoma, lakini binti hajasahauliwa. Ananiuliza kila jioni kama polisi watamchukua yeye, kwa kuwa koti lilikuwa lake.

Bi Salma wa Tanga:
Basi, mama, rufaa ya kwanza ni ya huyo binti. Kaka yake amweleze kwa kinywa chake kwamba kosa si lake. Wewe ukimwambia hataamini, atadhani unambembeleza.

Wakili wa Mtaani:
Naafiki, na sasa turudi kwenye barua. Usiandike kwamba kushika si kuwasha, kwa sababu kwa sheria niliyoitaja kubeba kunatosha, na hoja hiyo itawakasirisha. Omba kuona picha za kamera zinazomhusu. Sheria ya taarifa binafsi inakupa haki ya kuomba. Kubali lililotokea, eleza umri wake na kwamba ni mara ya kwanza, kisha uombe muda upunguzwe au sehemu ya adhabu isimamishwe kwa kutia saini mkataba wa mwenendo mwema, kwani klabu nyingi hutumia mikataba hiyo kwa vijana. Kwa upande wako, omba wazi kwamba marufuku yako iondolewe kwa kuwa hukujua. Klabu ikikataa, malalamiko hupanda hadi kwa ligi, na baada ya hapo yuko msuluhishi huru wa soka, ofisi iliyoanzishwa mwaka 2008. Ofisi hiyo haitazami tu kama kosa lilitendeka, inatazama pia kama adhabu inalingana nalo na kama mlisikilizwa. Polisi wakipiga simu, kijana asihojiwe bila mtu mzima kuwa naye, na akihojiwa kituoni wakili ni bure.

Kuhusu kadi ya mjomba, nitasema bila kuzunguka: katika mechi za watani polisi huwa na maofisa ambao kazi yao ni kutambua sura, na picha ya mwanao wanayo. Akikamatwa, mjomba atapoteza kadi, rufaa yako itakufa siku hiyohiyo, na polisi ambao mpaka sasa wako kimya watapata sababu ya kuamka.

Baharia Mstaafu:
Wakili amesema kweli. Kijana akipenda, mwambie aniandikie hapa, nitamweleza habari za fataki bila kumgombeza.

Jicho Kali:
Kuhusu mzazi kufungiwa nimesoma maelezo ya Wakili na nimeyakubali. Ombi la kufunga uzi nimeliondoa.

Mama Ughaibuni:
Mzee Baharia, nitamwonyesha ujumbe wako. Kaka yangu naye amesoma uzi huu, amenitambua, na amepiga simu kwamba kadi yake haitoi. Bado naona msimu mzima ni adhabu kubwa kwa mtoto, na sitaacha kusema hivyo katika rufaa. Ndugu Wakili, rufaa yangu na yake ziende katika barua moja, au nitenganishe?

Wakili wa Mtaani:
Tenganisha, dada. Zote ziende kwa ofisa usalama wa klabu, nakala ubaki nazo, na uziwasilishe kabla ya muda kwisha hata kama hazijapendeza. Ya kwake aiandike mwenyewe, na jambo la koti la dada yake liwe katika aya ya kwanza.