Babu alisema siku tamu za Burma alizipata hospitalini. Inawezekana?

MjukuuWaKeya
Wakuu, nisaidieni mnaojua habari za KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Babu mzaa baba alikuwa keya, yaani askari wa KAR, Batalioni ya 26, watu wa Tanganyika, na Burma (Myanmar ya leo) alifika mwaka 1944. Mapigano hakupenda kuyasimulia. Ukimuuliza Wajapani, anakujibu matope. Ila ukitaja hospitali, anajiweka sawa kwenye kiti.

Alishikwa na homa, akabebwa kwa machela, kisha kwa gari. Alipozinduka yumo ndani ya hema refu, kitanda cha kamba, shuka na blanketi kavu. Hilo la ukavu hakuchoka kulirudia. Asubuhi chai ya maziwa, na hakuna wa kukupigia filimbi. Dresa mmoja (msaidizi wa wodini), Mnyasa, alimsomea barua ya nyumbani kwa makelele mpaka hema zima likajua ugomvi wetu wa ng'ombe wa mahari. Mizinga aliisikia kwa mbali, akavuta blanketi akalala.

Baba mdogo hakubali. Anasema wagonjwa walipelekwa India, na shuka haziwezi kuwa karibu na mizinga, kwa hiyo mzee ama alitunga ama alikuwa anakwepa vita. Nani mkweli?

MwalimuMstaafu
Baba yako mdogo ana nusu ya habari. Mpaka 1943 mgonjwa wa malaria kweli alisafirishwa mamia ya maili hadi India, na kurudi kwake ilikuwa habari ya miezi. Jenerali Slim, Mwingereza, alipokabidhiwa Jeshi la 14 lililopigana Burma alikuta kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 wanaondolewa kwa maradhi. Jeshi lilikuwa linaisha bila risasi. Ndipo vikawekwa vituo vya malaria maili chache tu nyuma ya mapigano, mahema na vibanda vya mianzi. Mgonjwa afikishwe ndani ya saa 24, atibiwe wiki tatu hivi, arudi kikosini. Kwa hiyo shuka na mizinga vilikaa jirani.

Kuhusu blanketi kavu: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni ya babu yako, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma kutoka mji wa Tamu kuanzia Agosti 1944, mvua ikimwagika. Barabara ziligeuka uji, chakula kikadondoshwa na ndege. Mji wa Kalewa, mwisho wa safari hiyo, waliufikia Desemba. Mtu aliyelala miezi kwenye maji, akipewa blanketi kavu atalisimulia mpaka kaburini.

Na kulikwepa jeshi lile kwa malaria haikuwa rahisi. Vidonge vya mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, vilimezwa kila siku chini ya usimamizi, ingawa askari walinong'onezana kwamba vinaua nguvu za kiume. Ngozi zikawa za njano. Slim alifanya ukaguzi wa ghafla, na kikosi kikikutwa waliomeza hawafiki asilimia 95, kamanda wake anaondolewa. Aliwaondoa watatu, wengine wakaelewa.

Chibonge
Shuka 1944? Mimi mwaka jana nimelazwa na shuka nimetoka nayo nyumbani, na ndoo juu. Babu alikula maisha.

SistaMstaafu
Mwalimu, shikamoo. Mimi nilikuwa muuguzi wakati wa vita vya Kagera, naongea ya wodini.

Askari anayetoka mstari wa mbele hana haja na maneno. Analala. Tulikuwa na vijana waliotandika blanketi chini ya kitanda, juu wanaona wamejianika. Viatu ilikuwa ugomvi kuwavua. Sinia likidondoka jikoni, wodi nzima imelala kifudifudi. Siku ya tatu au ya nne mtu anaomba wembe na kioo, hapo najua huyu amerudi. Wakwepaji walikuwepo, wapo waliochovya kipimajoto kwenye chai. Tuliwajua, maana chai haileti jasho.

Sasa mwanangu MjukuuWaKeya, kwa nini dresa asome barua kwa makelele? Bonde lile lilikuwa na homa nyingine, taifasi ya vichakani, inayoletwa na vijidudu kama utitiri. Homa ile huziba masikio kwa muda, na pale mdudu alipouma mara nyingi huota kigaga cheusi. Miaka ile haikuwa na dawa. Dawa ilikuwa mikono ya muuguzi: kulishwa kwa kijiko, kugeuzwa, kunyweshwa, kuachwa alale. Wengi walikufa. Kama ndiyo iliyompata, kile mnachokiita kustarehe ndiyo matibabu yenyewe. Aliwahi kusema hasikii vizuri? Alikuwa na kovu dogo la mviringo, kiunoni au kwapani?

MjukuuWaKeya
Sista, hapo umenishtua. Miaka yote tumemcheka yule Mnyasa kwamba alikuwa mbea! Mzee alikuwa akisema "kule nilipumzika hata masikio", sisi tukadhani ni utani wake.

Baba mdogo nimemtumia uzi wote. Amejibu "sawa", basi. Habari ya kovu anaijua baba mkubwa, ndiye aliyekuwa akimwogesha mwishoni. Jumapili namfuata Mahenge, simu yake haishiki mtandao.