Baiskeli iruhusiwe kupita taa nyekundu barabara ikiwa tupu?

Pedeli: Wakuu, saa kumi na moja alfajiri, makutano matupu, hata paka hayupo, nimesimama naitazama taa nyekundu kama mjinga. Kule Idaho, Marekani, tangu 1982 wenye baiskeli wanapita tu. Tujadili.

Usukani: Mnaomba ruhusa ya jambo mnalolifanya kila siku? Mnapenya saa mbili asubuhi foleni imejaa, halafu mkiguswa sisi ndio wauaji.

Pedeli: "Mkiguswa"! Mkuu, chuma cha tani moja na nusu hakigusi.

Miguu Miwili: Nyie mnagombania barabara, sisi watembeao mmetutupa wapi? Gari limeegeshwa juu ya njia ya miguu, nikishuka barabarani kengele inalia kisogoni. Juzi niliruka, begi huku, kiatu kule, na mwenye baiskeli hata hakugeuka.

Pedeli: Nisipopiga mtasema nimewanyemelea!

Taratibu: Kengele hupigwa mapema, ukiwa mbali, mara moja. Ukiipigia mgongoni kwa mtu hiyo ni vurugu.

Usukani: Kumbe! Honi yangu ni ushenzi, kengele ni ustaarabu?

Tairi Bapa: Turudi kwenye mada. Hiyo ya 1982 kwanza ilihusu alama ya kusimama: unapunguza mwendo, unapita kama njia ni nyeupe. Kwenye taa nyekundu, sheria yao ya sasa inataka usimame kabisa ndipo upite. Najua hakuna atakayesoma hapa.

Miguu Miwili: Mara moja haitoshi kukiwa na kelele. Mbili.

Tairi Bapa: Nilisema.

Pedeli: Usukani, tuache honi. Mlango wa gari je? Wiki iliyopita mtu kaufungua bila kutazama, ncha yake ikanichana mkono wa shati. Ningekuwa karibu zaidi kwa shibri moja, nisingekuwa hapa nabishana nawe.

Usukani: Usinijumlishe. Mimi naufungua kwa mkono ulio mbali na mlango, mwili unageuka wenyewe, naona nyuma. Waholanzi wanafundishana hivyo. Wewe una kioo kwenye baiskeli yako?

Pedeli: Kioo tena? Kesho mtanidai na mkanda.

Taratibu: Mwendo ndio wa kuzungumzia. Gari likitoka 30 kwa saa kwenda 60, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, ni mara nne. Paris waliweka 30 kwenye mitaa yao mingi mwaka 2021.

Usukani: Kwa 30 si bora nishuke nisukume?

Mkongojo: Wanangu, nimesoma yote. Sikio langu la kushoto halisikii. Ukija upande huo, piga moja, piga kumi, kwangu ni mamoja. Shika breki.

Pedeli: Shikamoo mzee. Hilo sikuwahi kuliwaza.

Usukani: Marahaba yake ikija, muulize na honi.