Mrejesho: Dada amehamishiwa mafuta ya paja mashavuni

Assalaam alaykum. Niliwauliza kama dada yangu, ambaye mashavu yalimbonyea baada ya kupungua uzito sana, ahamishiwe usoni mafuta ya mwili wake mwenyewe au achomwe sindano za kujazia. Alichagua mafuta, akafanyiwa Mombasa, na sasa yuko nasi Malindi.

Alichorwa alama za kalamu akiwa ameketi, kwa sababu mtu akilala uso hubadilika na mabonde hujificha. Mafuta yalivutwa pajani kwa mrija mwembamba, yakazungushwa kwenye mashine hadi yakajitenga: juu mafuta yaliyopasuka, chini damu na maji, na katikati yale yanayofaa, ya manjano kama samli. Yalitiwa kidogo kidogo katika tabaka mbalimbali, kwa kuwa chembe zisizofikiwa na damu hufa.

Mwanzoni alivimba hata mama akakataa wageni. Uvimbe ulipoisha, mashavu nayo yalipungua, jambo ambalo daktari alikwisha kulitaja: sehemu ya mafuta, pengine nusu au zaidi, hufyonzwa na mwili, na matokeo ya kweli huonekana baada ya miezi 3 hadi 6.

Kwa aliyeuliza kuhusu hatari, mafuta yakiingia mshipani yanaweza kupofusha, ingawa ni nadra, wala hayana dawa ya kuyayeyusha, tofauti na sindano za kujazia za asidi ya hayaluroniki (aina ya jeli), ambazo zinayo. Kwa maoni yangu shavu la kushoto bado limepungukiwa kidogo. Mwenyewe ameridhika na hataki kurudia.