49ers 2025: nyuma ya McCaffrey asimame nani? Robinson, Guerendo au James

Mzee wa Yadi

Wakuu, salaam. Sisi 49ers, timu ya San Francisco kwenye ligi ya futiboli ya Marekani (NFL), tunafungua msimu wa 2025 Septemba 7 kule Seattle, na Jumanne hii kikosi kinapunguzwa hadi wachezaji 53. Kuna jambo moja limenikaa rohoni tangu Desemba, nalo ni upana wa kikosi kwenye nafasi ya mkimbiaji. Kwa wageni: mkimbiaji ninayemsema ni yule anayesimama nyuma au ubavuni mwa kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), anakabidhiwa mpira, halafu anatafuta upenyo katikati ya miili. Msimchanganye na beki wa soka.

Mnakumbuka Desemba 1 mwaka jana kule Buffalo, theluji inamwagika. Christian McCaffrey, mkimbiaji wetu namba moja, alichomoka yadi 19, alipoinuka anachechemea. Goti. Jordan Mason akaingia, naye akaumia kifundo cha mguu. Mechi moja imetunyang'anya namba moja na namba mbili. McCaffrey alimaliza mwaka akiwa na mechi 4 na yadi 202 za kukimbia, bila tachidauni, yaani bila kuufikisha mpira eneo la goli la mpinzani. Huyu ndiye aliyeongoza ligi nzima mwaka 2023 kwa yadi 1,459, akafunga tachidauni 21 kwa jumla. Sisi tukamaliza 6-11, ushindi 6 na vipigo 11.

Sasa Mason ameuzwa Vikings. Elijah Mitchell yuko Kansas City. Deebo Samuel, ambaye hakuwa mkimbiaji kwa jina lakini alikuwa anakabidhiwa mpira na kuvunja watu, amekwenda Washington, na huyo watu wanasahau kumhesabu. Mwezi huu, kati ya wakimbiaji waliobaki, Isaac Guerendo kaumia bega, Patrick Taylor bega pia na msimu wake umekwisha, na mgeni wetu Jordan James kavunjika kidole. Ndiyo maana klabu imekimbilia Washington kumchukua Brian Robinson kwa chaguo la raundi ya 6 la drafti ya 2026, yaani zamu ya kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni.

Kwa hiyo swali langu: McCaffrey akitoka robo ya kwanza, nani aingie na kubeba mechi nzima? Mimi nasema Robinson, na sioni mshindani. Ana karibu kilo 102, anapenda kugongana, na misimu mitatu mfululizo amekimbia zaidi ya yadi 700: 797, 733, 799. Mwaka jana alifunga tachidauni 8 kwa kukimbia. Na moyo wa mtu huyu mnaujua. Agosti 2022 alipigwa risasi mbili mguuni walipotaka kumpora, Oktoba 9 akawa uwanjani. Mtu wa namna hiyo namkabidhi mpira hata dakika ya mwisho.

Binti wa San Jose

Mzee, shikamoo. Nakuheshimu lakini hapa hapana. Umemtaja Guerendo kwa bega lake tu, ukaacha miguu yake.

Kijana ana karibu kilo 100 na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.33. Wepesi huo na uzito huo havikai kwa mtu mmoja mara nyingi. Oktoba mwaka jana, Seattle hao hao tunaokwenda kufungua nao, aliwatoka yadi 76. Wiki moja baada ya Buffalo, McCaffrey na Mason wote nje, alianza dhidi ya Chicago: yadi 78, tachidauni 2, tukashinda 38-13. Msimu mzima wastani wake ulikuwa yadi 5 kila anapobeba. Wa Robinson ulikuwa 4.3.

Halafu tuangalie mfumo wenyewe. Kocha wetu Kyle Shanahan anapenda wazuiaji wote watano wateleze upande mmoja kama wimbi, mkimbiaji anateleza nao, anasoma, halafu anakata mara moja tu na kwenda. Ukisitasita umekwisha. Kazi hii inadai jicho na kasi ya hatua mbili za kwanza, kilo zinakuja baadaye. Baba yake, Mike, alimpata Terrell Davis raundi ya 6 mwaka 1995 kule Denver, na 1998 Davis akakimbia yadi 2,008. Kwetu hapa Raheem Mostert hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, lakini fainali ya NFC (nusu yetu ya ligi) ya Januari 2020 aliwapiga Green Bay yadi 220 na tachidauni 4. Mitchell alitoka raundi ya 6, mwaka wake wa kwanza yadi 963. Mason hakuchaguliwa kabisa. Waliogharimu chaguo la raundi ya 3, Trey Sermon na Tyrion Davis-Price, hawakufika popote.

Ninachosema: mfumo huu unamlea aliyekaa ndani yake. Guerendo amekaa mwaka mzima. Robinson kaingia juzi.

Kijana wa Likoni

Ile mechi ya Buffalo kwetu Mombasa ilianza saa kumi na dakika ishirini alfajiri, Jumatatu ya kazi. Niliamka, nikachemsha chai, kikombe hakijaisha McCaffrey kashaumia. Sitaki tena kusikia habari za wastani wa yadi. Nataka mtu anayeonekana uwanjani.

Guerendo akishaanza kuzoea, mwili unamkatalia. Baada ya Chicago hakukaa wiki mbili bila kukosa mechi. Robinson kwangu.

Kocha wa Akiba

Nimesoma wote. Mnabishana juu ya mtu mwenye mpira, wakati namba mbili anafukuzwa kazi akiwa hana mpira.

Mei mwaka huu kwotabeki wetu Brock Purdy alisaini mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 265. Fedha hiyo yote imesimama yadi chache nyuma ya mstari, inatafuta mtu wa kumrushia. Anayeilinda upande wa kushoto ni Trent Williams, ambaye Julai ametimiza miaka 37. Mpinzani akijua McCaffrey hayupo, kitu cha kwanza anachofanya ni kutuma watu wa ziada kwenye jaribio la tatu (kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10), kwa sababu anataka kuona kama huyu mbadala anajua nani ni wake. Mkimbiaji ana sekunde moja ya kuhesabu: watano wale wana wazuiaji wao, huyu wa sita anayejificha ni wangu. Akikosea hesabu, Purdy anapigwa mgongoni bila kuona.

McCaffrey anaifanya kazi hii vizuri kuliko watu wanavyompa sifa, na ana kilo 95 tu. Ndiyo maana hatoki uwanjani. Mwaka 2023 alibeba mpira mara 272 na kudaka mara 67. Kocha hakumwonea, waliokuwa benchi hawakuaminika katika majaribio yale. Mason alikuwa mkimbiaji mzuri sana. Siku ya Jets, Septemba 9 mwaka jana, tuliambiwa jioni ile ile kwamba McCaffrey hachezi, akaingia yeye na kubeba mara 28 kwa yadi 147. Hata hivyo mashambulizi yalibadilika sura, kwa kuwa pasi za kumrushia mkimbiaji zilipungua.

Sasa pimeni kwa kipimo hicho. Guerendo alianza chuo Wisconsin akiwa mdakaji, mikono anayo, ila kuzuia bado anajifunza. Robinson ana mwili wa kuzuia, na mwaka 2023 alidaka mara 36 kwa yadi 368, tachidauni 4 juu yake. Kasoro yake ni lugha. Kila timu ina majina yake ya michezo na ya ulinzi, naye ana wiki mbili tu za kuyakariri kabla ya Seattle. Kwa hiyo wiki za mwanzo ningemtumia kwenye jaribio la kwanza na la pili, na pale karibu na mstari wa goli, kisha jaribio la tatu nimwachie mzoefu. Mkimbiaji wetu mwingine, Ameer Abdullah, ana miaka 32, yuko ligi hii tangu 2015, mambo haya ameyafanya kwa timu nyingi. Msimcheke kwa umri. Na Kyle Juszczyk, yule fulubeki wetu (mkimbiaji ambaye kazi yake kubwa ni kuzuia), anaweza kusimama pale pia akihitajika.

Jirani wa Columbus

Mbona James mnamruka? Chuo cha Oregon mwaka jana alikimbia yadi 1,267 na tachidauni 15. Nilimtazama sana kwa sababu ligi yao ni ile ile ya Ohio State, timu ya mji huu ninaoishi. Ni mdogo, kilo 93 hivi, lakini ukimshika mguu mmoja ule mwingine unaendelea kwenda. Kidole kitapona. Mimi ningempa nusu ya kwanza ya msimu akae, ajifunze, Novemba mtamwona.

Mzee wa Yadi

Marahaba binti. Jirani, James nampenda ila Novemba ni mbali, na sisi tuna shida ya Septemba.

Kocha, umenigusa mahali. Nilikuwa naangalia namba mbili kama mtu wa dharura tu, mlango wa nyuma nyumba ikiungua. Lakini McCaffrey sasa ana miaka 29. Mwaka 2020 alicheza mechi 3, 2021 mechi 7, 2024 mechi 4. Hata akiwa mzima nisingependa kumwona anabeba mara 272 tena. Robinson ampunguzie angalau mara 8 kila mechi, hasa ile mibebo ya yadi mbili katikati ya msongamano, ambayo inavunja mwili na faida yake ni ndogo. Hapo ndipo bei ya raundi ya 6 inakuwa rahisi, ingawa mkataba wake unaisha msimu huu.

Binti wa San Jose

Hilo la kupunguza mzigo nakubali moja kwa moja, na kwenye mstari wa goli sibishani, apewe Robinson. Lakini tofautisheni kazi mbili. Msaidizi wa kila Jumapili awe Robinson. McCaffrey akikosa mechi tatu mfululizo, aanze Guerendo, kwa sababu yeye peke yake pale benchi anaweza kufanya ulinzi wa mpinzani urudi nyuma hatua mbili kwa hofu. Robinson hajawahi kucheza mechi zote 17 za msimu pia. Mwaka jana alicheza 14. Kijana wa Likoni, mtu wako wa kuonekana uwanjani naye hukosekana.

Kijana wa Likoni

Dada, hizo 14 nazichukua leo hii bila kuuliza.

Kocha wa Akiba

Binti, mgawanyo wako una mantiki kuliko wangu kwa kitu kimoja: unamwacha kila mmoja afanye anachojua. Ninachokataa ni Guerendo kuanza bila mtu wa jaribio la tatu pembeni yake. Kama Abdullah ataachwa siku ya Jumanne, mpango wako unabaki na tundu, kwa sababu hapo itabidi ama Guerendo azuie mwenyewe ama Juszczyk aondolewe kwenye kazi yake.

Seattle itaanza saa tano na dakika tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Msimfuate mwenye mpira. Likifika jaribio la tatu na yadi saba au nane, tazameni nani amesimama kando ya Purdy, na kama ni Robinson, tazameni kichwa chake kinageukia wapi kabla mpira haujaanza.

Mzee wa Yadi

Nitaandika kila jaribio la tatu kwenye daftari, namba ya jezi na alichofanya. Jumatatu nitaleta hapa tuhesabu.